Chemba ya Faiba, na Zege Linaloliwa Gizani

Chemba ya majitaka ninayotaka kuieleza ipo katika mtaa mmoja wa katikati ya jiji la Dar es Salaam, na ukiitazama kutoka barabarani huoni kasoro yoyote: mfuniko umekaa sawasawa, lami imeuzunguka pande zote, na wauza matunda huegesha mikokoteni yao kando yake tangu asubuhi hadi jua linapozama. Nilishuka humo mwezi wa Julai, baada ya kuacha mfuniko wazi kwa muda mrefu, kupima hewa kwa kifaa, na kujifunga mkanda wa usalama ambao kamba yake ilishikwa na wenzangu wawili waliobaki juu. Nilipofika sehemu iliyo juu kidogo ya usawa wa majitaka, nilitoa bisibisi mfukoni nikaigongesha ukutani, nikitarajia ule mlio mkavu wa chuma kikigonga zege. Haukusikika mlio wowote. Bisibisi ilizama taratibu kiasi cha sentimita tatu, kama inavyozama kwenye muhogo uliochemshwa ukapitiliza, na nilipoichomoa ilitoka na tope jeupe, zito, lenye harufu ya mayai viza. Kokoto zilikuwa zimejitokeza nje ya ukuta kama meno, na kipandio kimoja cha chuma nilichokishika ili nigeuke kiling'oka kikabaki mkononi mwangu, kimekonda katikati kama kijiti cha kiberiti.

Fundi mzee niliyekuwa naye siku hiyo, ambaye ameanza kazi za majitaka kabla mimi sijazaliwa, aliupokea ule udongo mweupe kwenye kipande cha gazeti, akausugua kwa kidole gumba akiwa amevaa glavu, akaniambia, "Mwanangu, hili si zege tena, hii ni chokaa ya kupaka ukuta." Kikemia hakuwa mbali na ukweli. Tope lile ni jasi, yaani kile kinachobaki baada ya saruji kuliwa na asidi, na jasi haina nguvu ya kubeba hata uzito wake yenyewe, sembuse lori la tani 30.

Watu wengi hudhani kwamba zege la chemba huharibiwa na majitaka yanayoligusa. Sivyo. Ukichunguza chemba iliyochakaa utaona kwamba sehemu iliyo chini ya usawa wa majitaka, ambayo hulowa mchana na usiku, mara nyingi ni nzima kuliko sehemu iliyo juu yake, ambayo haiguswi na chochote isipokuwa hewa na unyevu. Sababu yake ni safari ndefu inayoanzia kwenye utelezi unaoshika ndani ya bomba. Ndani ya utelezi huo wanaishi bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao huchukua salfeti iliyomo katika majitaka na kuigeuza kuwa salfaidi. Majitaka yanapofika kwenye chemba, hasa ile ambayo bomba linaingilia juu na maji yakaporomoka, gesi ya haidrojeni salfaidi huachiliwa kama gesi ya soda inavyotoka chupa inapotikiswa. Gesi hiyo hupanda, huyeyuka katika matone ya unyevu yaliyoshika ukutani, na hapo hukutana na bakteria wa aina nyingine, wanaopenda oksijeni, ambao huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ileile inayotiwa kwenye betri za magari. Zege jipya ni kinyume kabisa cha asidi, kwa kuwa kipimo chake cha pH, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, ni 12 au zaidi. Lakini ukuta uliovamiwa na bakteria hao unaweza kuwa na pH ya 1. Kwa hiyo ukuta wa chemba hauchakai kwa uzee tu. Unaliwa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1945 mtafiti C. D. Parker wa Melbourne, Australia, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba alimtenga bakteria kutoka kwenye zege la mifereji ya majitaka lililooza, na bakteria huyo akaja kuitwa Thiobacillus concretivorus, jina la Kilatini ambalo sehemu yake ya pili maana yake ni mla zege. Siku hizi bakteria wa jamii hiyo anayetajwa zaidi ni Acidithiobacillus thiooxidans, lakini mimi nalipenda lile jina la zamani kwa kuwa linasema kile ambacho bisibisi yangu ilikiona.

Pwani yetu ina mambo mawili yanayoharakisha ulaji huo. La kwanza ni joto: bakteria hawa hufanya kazi kwa kasi zaidi majitaka yanapokuwa ya vuguvugu, na Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hazina majira ya baridi ya kuwapumzisha. La pili ni bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 2.7 za salfeti, na mahali ambapo mabomba ya zamani yana nyufa na maji ya chumvi yanapenya, bakteria huletewa chakula bure. Mtandao wa majitaka wa katikati ya jiji letu una sehemu zilizojengwa tangu enzi za ukoloni, nao uko hatua chache tu kutoka ufukweni. Anayejenga chemba ya zege tupu katika mazingira hayo, bila kuipaka kinga yoyote, na kuiandikia umri wa miaka 50 kwenye michoro, anaandika asichoweza kukitimiza.

Mimi sikuanzia kwenye majitaka. Nilijifunza faiba katika karakana ya boti huko Unguja, nikiwa kijana wa kushika ndoo na kukata mikeka ya nyuzi, na naliandika neno faiba kama wavuvi wanavyolitamka, kwa maana ndilo jina tulilonalo. Boti ya faiba kila mtu wa pwani anaijua. Chemba ya faiba ni ndugu yake wa tumbo moja: ni nyuzi za kioo zilizolowekwa katika resini ya majimaji, resini ikaganda na kushikana nazo hadi vikawa kitu kimoja. Nyuzi hubeba nguvu ya kuvuta, na resini hushika nyuzi zikae mahali pake na kuzikinga zisiguswe. Ndani ya kitu hicho hakuna saruji ya kuliwa wala chuma cha kushika kutu, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza, tena ni sababu kubwa, ya kukipeleka chini ya ardhi.

Hata hivyo, undugu huo wa boti na chemba uliwahi kunidanganya, na nalieleza kosa hili kwa urefu kwa sababu nimewaona wengine wakilirudia. Chemba yangu ya kwanza nilitengeneza kwa resini tuliyokuwa tukiitumia kwenye boti, yaani ile poliesta ya kawaida inayoitwa ya ortho, kwa kuwa ilikuwepo dukani, bei yake ilikuwa nafuu, na boti zilizotengenezwa kwayo zilikuwa zimedumu baharini miaka mingi. Nilijiambia kwamba kinachostahimili bahari kitastahimili majitaka. Baada ya miaka miwili hivi niliifungua nikakuta ukuta wa ndani umefanya malengelenge madogo, mengine yamepasuka na kuacha nyuzi wazi. Maji ya bahari si asidi. Kwa kazi ya majitaka inafaa kuanzia poliesta ya aina ya iso, na palipo na gesi nyingi ni bora zaidi kutumia resini ya vinili esta, ambayo huvumilia asidi kuliko zote mbili. Nyuzi nazo zina aina zake: kioo cha kawaida cha aina ya E, kikiguswa na asidi huku kikiwa kimebeba mzigo, hupoteza madini yake na kukatika, na ndiyo maana ipo aina ya E-CR isiyo na boroni, iliyotengenezwa kwa ajili ya mazingira ya namna hiyo. Tangu siku hiyo sikubali kununua resini kwa kuangalia rangi ya pipa. Naomba karatasi ya kiwanda, naisoma, na nikikosa karatasi sinunui.

Nieleze namna inavyotengenezwa, kwa maana ubora wa chemba huamuliwa karakanani na si shimoni. Kalibu hupakwa nta na kusuguliwa mpaka ing'ae, ili kitu kisigande nayo. Juu ya nta hupakwa resini nene ya kwanza, kisha hulazwa shashi nyembamba ya nyuzi ambayo kazi yake ni kushikilia resini nyingi, si kuongeza nguvu. Tabaka hilo la ndani lenye resini nyingi ndilo ngao dhidi ya asidi. Likiwa jembamba au likiwa na matundu, yanayofuata yote ni bure. Baada yake hulazwa mikeka ya nyuzi zilizokatwa, halafu nyuzi zilizofumwa, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiloweshwa na kupigwa rola ya chuma yenye meno ili viputo vya hewa vitoke. Katika viwanda vikubwa kazi hii hufanywa kwa mashine inayozungusha kalibu na kuisokotea nyuzi ndefu kwa pembe maalumu, kama mtu anavyosokota uzi kwenye kigurudumu, na matokeo yake ni ukuta wenye unene ulio sawa zaidi kuliko ule wa mkono.

Kwa mkono, jambo linalotesa ni saa. Dawa ya kugandisha hutiwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na jua la saa sita mchana la Dar es Salaam linaweza kuifanya ndoo nzima igande kabla rola haijamaliza mzunguko. Ndoo ikianza kugeuka kama ute wa yai na kutoa joto, umechelewa. Kwa hiyo sisi huanza alfajiri, tunachanganya kidogo kidogo, na ifikapo saa nne tunaacha kulaza nyuzi na kuanza kukagua tulichofanya jana. Ukaguzi una kifaa chake cha kupimia ugumu, lakini upo pia ule wa zamani: unapaka asetoni kidogo kwenye ukuta, unaisugua kwa kidole, na kama pananata ujue resini haijakamilika kuganda. Chemba iliyonata haistahili kutoka nje ya geti, hata kama gari la mteja linasubiri na dereva amekwisha kukasirika.

Uzito ndio unaowashangaza watu wanapoiona kwa mara ya kwanza. Pete moja ya zege yenye kipenyo cha ndani cha mita 1.2, unene wa sentimita 12.5 na kimo cha mita 1 ina uzito wa takriban tani 1.25, hivyo chemba ya kina cha mita 3 inahitaji pete tatu, winchi ya kuzishusha, na maungio ambayo kila moja ni mahali pa kuvuja. Ganda la faiba la kipenyo hichohicho, lenye unene wa milimita 12, lina uzito wa kilo 80 hivi kwa kila mita, na likiwa na kitako chake na shingo yake halizidi sana kilo 300 kwa kina cha mita 3, tena ni kipande kimoja kisicho na kiungo. Tuliwahi kuingiza ganda kama hilo katika kichochoro ambacho hata bajaji hupita kwa tabu. Vijana wanane walilibeba kwa mianzi miwili, wakilizungusha kwenye kona kama wanavyobeba kitanda, na akina mama wa nyumba za jirani wakatusogezea masufuria yao tupite. Kwa mitaa yetu ambayo nyumba zilitangulia na mabomba yakafuata, naiona faida hii kuwa kubwa kuliko hata ile ya kutoliwa na asidi.

Lakini wepesi huohuo ndio uliotuletea msiba. Mkandarasi mmoja, ambaye simtaji, alinunua chemba kutoka karakana niliyokuwa nikifanya kazi, akaiweka katika eneo la bondeni ambako maji ya chini ya ardhi hupanda hadi kufikia uso wa ardhi wakati wa masika. Tulimpa maelekezo ya maandishi kwamba kitako kifungwe kwa mkanda wa zege. Hakuufunga, kwa hoja kwamba faiba imenunuliwa ili kuepuka zege. Mwezi wa Aprili, baada ya siku nne za mvua, nilipigiwa simu asubuhi nikaambiwa kwamba chemba imeota. Nilikwenda nikaikuta imechomoza karibu sentimita 60 juu ya barabara, mfuniko wake umeinama upande mmoja, mabomba yote mawili yamekatika kwenye maungio, na majitaka yanatiririka kuelekea milango ya watu. Mama mmoja alikuwa amepanga mifuko ya mchanga mbele ya kibanda chake cha chapati. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa pole, na pole yangu haikumrudishia siku zake tatu za biashara.

Hesabu iliyopuuzwa haihitaji shahada. Chemba ya kipenyo cha nje cha mita 1.22 na kina cha mita 3 inachukua nafasi ya takriban mita za ujazo 3.5. Maji yakijaa pande zote hadi juu, yanaisukuma kwa nguvu ya tani 3.5, na yenyewe ina kilo 300 tu za kupinga. Sasa tuchukue mkanda wa zege kuzunguka kitako, wenye upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 40. Mkanda huo ni zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo, na kwa kuwa zege lililo ndani ya maji hupungukiwa uzito, hatuhesabu tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo bali tani 1.4, hivyo tunapata kilo 800. Hiyo pekee haitoshi. Kinachookoa ni udongo unaokalia mkanda huo: safu yake ni mita za ujazo 3.7 hivi, na hata tukiuhesabia uzito wa ndani ya maji wa kilo 950 kwa mita ya ujazo, tunapata tani 3.5 nyingine. Jumla, pamoja na zile kilo 300 za chemba yenyewe, inapita tani 4.5 dhidi ya tani 3.5 zinazosukuma juu. Nusu mita ya ujazo ya zege, ambayo ni mifuko michache ya saruji na kazi ya asubuhi moja, ndiyo iliyokosekana mahali pale. Nikikuta mchoro wa chemba ya faiba usioonyesha mkanda huo pamoja na hesabu yake, huurudisha bila kusoma ukurasa wa pili.

Ujazaji wa udongo nao una adabu yake. Zege ni gumu na linajitegemea. Faiba hunyumbuka kidogo, na ukuta wake hupata nguvu kutoka kwa udongo unaoushika pande zote kwa usawa. Ukirudisha kifusi kilekile kilichotoka shimoni, chenye mawe na vipande vya matofali, ukakimwaga upande mmoja kwa kijiko cha mashine, utalisukuma ganda likae upande na jiwe moja lenye ncha litaliumiza mahali ambapo hakuna atakayeona. Unatakiwa mchanga safi au kokoto ndogo, uliowekwa kwa tabaka zisizozidi sentimita 30 na kushindiliwa kuzunguka pande zote kabla ya kuongeza tabaka jingine. Na mahali panapokatwa tundu la bomba kwa mashine, ule ukingo uliokatwa lazima upakwe resini ileile kabla haujafukiwa, kwa sababu ncha za nyuzi zilizo wazi hunyonya unyevu wenye asidi kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ni kazi ya dakika kumi. Nimeona chemba nzuri ikianza kuharibika kutokea kwenye tundu moja lililosahauliwa.

Kuhusu mifuniko, hapa kwetu hoja ya kwanza huwa ni wizi, na ni hoja ya haki. Mfuniko wa chuma una bei kwenye mizani ya vyuma chakavu; ukiondoka usiku, asubuhi kuna shimo wazi ambalo mtoto wa shule au mwendesha bodaboda hataliona mpaka amefika. Kenya ilifika mahali ambapo Januari 2022 serikali ilisimamisha kabisa biashara ya vyuma chakavu kwa muda kutokana na uharibifu wa miundombinu, hasa nguzo za umeme. Mfuniko wa faiba na resini hauna wa kuununua. Vilevile hauzuii mawimbi ya redio kama chuma kinavyoyazuia, jambo linalosaidia pale ambapo ndani yake kuna mita inayotuma usomaji wake yenyewe, na haupitishi umeme, jambo linalowafaa mafundi wa nyaya za umeme na mkongo wa mawasiliano.

Ila mfuniko wa faiba una madaraja, na hapo ndipo tunapoumizwa. Kiwango cha Ulaya cha EN 124, ambacho tangu 2015 kina sehemu yake ya tano mahususi kwa mifuniko ya aina hii, kinaugawa kwa mzigo unaopimiwa: A15 hupimwa kwa kilonewtoni 15, sawa na uzito wa tani moja na nusu, nayo ni ya mahali pa watu wa miguu; B125 ni ya njia za miguu za kando ya barabara na maegesho ya magari madogo; D400 hupimwa kwa kilonewtoni 400, karibu tani 40, nayo ndiyo ya barabara wanamopita malori. Kwa macho mifuniko hii inafanana sana. Nimekuta B125 katikati ya barabara ya malori ya mchanga, imepinda katikati kama sahani, na aliyeiweka alidhani ameokoa fedha za mtaa. Herufi na namba hizo huwa zimechorwa kwenye mfuniko wenyewe; mjumbe wa mtaa au mwenye duka anaweza kuinama akazisoma, na namsihi afanye hivyo siku unapowekwa.

Kuna adui mmoja wa mfuniko huu ambaye vitabu vya nje havimtaji sana, naye ni moto wa takataka. Resini huungua. Katika mitaa mingi takataka hufagiliwa mpaka kando ya barabara na kuchomwa hapohapo, na mara kadhaa nimekuta mfuniko umeungua ukingoni, resini imetoweka na nyuzi zimebaki nyeupe kama mvi. Kwa hiyo mahali ninapojua kwamba watu wana desturi ya kuchoma taka, huwa nashauri fremu na mfuniko viwe vya chuma cha kumimina chenye kufuli na bawaba, na faiba ibaki kwenye ganda lililo chini, ambako moto haufiki na jua halichomi. Sioni aibu kuchanganya vitu viwili. Kilicho chini kinapigana na asidi, kilicho juu kinapigana na magurudumu na moto, na si lazima askari wote wavae sare moja.

Neno kuhusu gesi, kwa kuwa nimekwisha kuwazika watu kwa ajili yake. Chemba ya faiba haiondoi haidrojeni salfaidi; inaivumilia tu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini, na ikifika kiwango cha sehemu 100 katika milioni huua uwezo wa pua kunusa, kiasi kwamba mtu hudhani harufu imeisha na hatari imekwenda. Ikipanda kufikia mamia kadhaa humwangusha mtu, naye mwenzake anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Asishuke mtu bila kipimo cha hewa na kamba, iwe chemba ya zege, ya matofali au ya faiba. Faida ambayo faiba huleta hapa ni ngazi: vipandio vyake havishiki kutu, na vikifungwa vizuri ndani ya ukuta havimtoki mtu mkononi kama kile kilichonitoka mimi.

Bei nayo lazima isemwe wazi. Ganda la faiba lenye resini inayostahili, likilinganishwa na pete za zege siku ya kununua, mara nyingi ni ghali zaidi, na katika zabuni inayotazama siku hiyo tu litashindwa kila mara. Ninachokidai ni kwamba katika mchanganuo wa gharama ziwekwe pia safu za winchi, za siku ambazo barabara inafungwa, za kuvunja lami tena zege litakapokuwa limeliwa, na za majitaka yatakayomwagika kabla ya fedha za ukarabati kupatikana. Katika eneo kavu lenye majitaka machache yanayokwenda kasi na hewa nzuri, nitashauri zege bila kusita, kwa maana huko halina adui. Katika mitaa ya pwani yenye mabomba marefu, mteremko mdogo na maji ya chumvi, kununua zege tupu kwa sababu ya bei ya leo ni kumwachia deni mwenye mtaa.

Ile chemba niliyoanza nayo hatukuivunja. Baada ya kukwangua tope lote jeupe hadi kufikia zege gumu, tulipima kipenyo cha ndani tukapata mita 1.26 mahali ambapo mchoro wa zamani unasema 1.20, yaani kila upande ulikuwa umepoteza sentimita tatu. Tulitengeneza ganda la vinili esta lenye kipenyo cha nje cha mita 1.06, tukaondoa shingo ya juu usiku wa Jumamosi, tukalishusha ndani ya ile ya zamani kama bilauri ndani ya bilauri, na ile nafasi ya sentimita kumi iliyobaki kuzunguka tukaimimina saruji laini ya majimaji, nusu mita kwa nusu mita, tukiisubiri ishike kabla ya kuongeza, ili isilibonyeze ganda wala kulielesha. Yule fundi mzee ndiye aliyeshika taa. Kulipopambazuka mabomba yote mawili yalikuwa yameungwa na kufungwa kwa resini, mfuniko wa D400 umerudishwa mahali pake, na wauza matunda walipofika na mikokoteni yao walikuta lami mpya bado ina joto, wakaegesha hatua tano mbele wakisubiri ipoe.